Tangi lililozikwa: historia ya uvujaji chini ya sheli za Marekani

Ukiingia sheli yoyote, iwe Mwanza, Mombasa au Chicago, kitu kikubwa kuliko vyote pale hukioni. Pampu unaziona, paa unaliona, bango la bei unaliona tangu mbali. Tangi lenye mafuta yenyewe limezikwa chini ya miguu yako, mara nyingi likiwa na uwezo wa kubeba lita 30,000 au zaidi. Dalili pekee kwamba lipo ni vile vifuniko vya duara sakafuni, ambavyo magari yanapita juu yake na hakuna anayejali.

Leo tunalizungumzia tangi hilo. Tutaangalia jinsi Marekani ilivyojikuta na zaidi ya matangi milioni 2 yaliyozikwa, mengi yakiwa ya chuma kitupu, na ilivyohangaika kuanzia 1984 kuyaingiza kwenye sheria ya mazingira. Tumeichagua Marekani kwa sababu kazi hiyo ilifanyika kwa ukubwa wa kutisha na imeacha takwimu nyingi. Jambo tunalotaka ulione humu ni hili: sayansi ya kuzuia tangi lisioze ilikuwepo miaka mingi kabla ya sheria. Kilichokosekana ni mtu mwenye sababu ya kwenda kuangalia.

Kwa nini mafuta yalizikwa

Mwaka 1885, huko Fort Wayne katika jimbo la Indiana, Sylvanus Bowser alitengeneza pampu ya kuvutia mafuta ya taa na kuiuza kwa duka moja la vyakula. Magari yalikuwa bado. Yalipokuja, wazo lilelile likahamia kwenye petroli: mwaka 1905 Bowser alikuwa na pampu ya kuuzia petroli. Mwaka 1913 kampuni ya Gulf ikafungua kituo mjini Pittsburgh, kilichojengwa maalumu kwa ajili ya magari kuingia, kujaza na kutoka.

Sasa, petroli si mafuta ya taa. Mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kuweka mapipa yake juu ya ardhi, katikati ya mji wenye nyumba za mbao, kulikuwa kutafuta balaa. Kwa hiyo watu wa zimamoto walitaka tangi liingie ardhini. Huko hakuna cheche, hakuna jua kali, hakuna gari litakaloligonga, na hewa ya kulisha moto ni kidogo. Ulikuwa uamuzi wa busara kabisa, na uliokoa maisha.

Ila angalia kilichotokea. Kanuni iliyotatua tatizo la moto iliondoa tangi machoni pa watu na kulisogeza karibu na maji ya ardhini. Shika jambo hilo, maana litajirudia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, na hasa baada ya sheria ya barabara kuu ya 1956, sheli ziliota kila kona ya Marekani kama uyoga. Tangi la kawaida la miaka ile lilikuwa silinda ya chuma isiyo na kinga yoyote ya maana. Lilifukiwa, likamwagiwa zege juu, likasahauliwa.

Kutu ni umeme

Watu wengi hudhani kutu ni chuma "kuchoka". Kumbe ni betri. Chuma kikiwa kwenye udongo wenye unyevu na chumvi, sehemu zake hazilingani: hapa udongo ni mfinyanzi, pale ni mchanga, hapa kuna oksijeni, pale hakuna. Tofauti hizo zinafanya elektroni zitiririke ndani ya chuma kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Sehemu inayotoa elektroni ndiyo inayoliwa. Tangi halichakai sawasawa kama sabuni. Linatobolewa kwa vitundu, huku pembeni chuma kikiwa bado kinene.

Kama kutu ni umeme, basi unaweza kuupinga kwa umeme. Hilo lilijulikana tangu 1824. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy aliombwa alinusuru bamba la shaba lililofunika sehemu ya chini ya meli za kivita, kwa sababu maji ya bahari yalikuwa yanalila. Aligundua kwamba ukibandika kipande cha zinki au chuma kwenye shaba, kile kipande ndicho kinacholiwa na shaba inabaki salama. Ni kafara: metali moja inakufa kwa niaba ya nyingine.

Majaribio yalifaulu, ila jeshi la majini likaachana nayo. Kwa nini? Shaba inapoyeyuka kidogokidogo baharini huwa sumu kwa viumbe wanaong'ang'ania meli. Shaba ya Davy haikuyeyuka tena, kwa hiyo konokono na magugu wakahamia kwa raha zao na meli zikawa nzito. Unaona? Suluhisho limehamisha tatizo.

Mbinu yenyewe lakini haikufa. Mwaka 1928 mhandisi Robert Kuhn aliitumia New Orleans kukinga bomba la gesi lililo ardhini. Katika miaka ya 1960 matangi ya faibaglasi, ambayo hayashiki kutu, yalikuwa yameingia sokoni. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba dawa haikuwepo. Ilikuwepo, ikiuzwa. Chuma kitupu kilikuwa rahisi zaidi, na aliyekizika hakudaiwa chochote kwa kitakachotokea miaka 25 baadaye.

Mbona mwenye sheli hakujua anavuja?

Swali la haki. Mtu anapoteza mali yake, anakosaje kujua? Twende kwenye hesabu.

Petroli inatanuka ikipata joto. Kwa kila nyuzi 1 ya sentigredi, ujazo wake unaongezeka kwa takriban asilimia 0.095. Inaonekana ndogo, lakini kwenye tangi la lita 30,000 hiyo ni karibu lita 28. Lori linaleta mafuta yaliyopigwa na jua, yanaingia kwenye tangi la baridi, yanasinyaa usiku kucha. Asubuhi mwenye sheli anapima na kukuta pungufu la lita kadhaa. Kuna mvuke umepotea, pampu haikupima sawasawa, mfanyakazi pengine kajaza gari la shemeji yake. Uvujaji unajificha katikati ya sababu zote hizo.

Kipimo chenyewe kilikuwa fimbo. Unaichovya tanginidani ya bomba la kujazia, unaisoma, unaangalia jedwali. Na fimbo ile ikigonga sehemu ileile ya chini kila siku kwa miaka, inalitoboa tangi. Ndiyo maana baadaye matangi yaliwekewa bamba la ziada hapo, ili lipokee kipigo.

Kanuni za Marekani zilipokuja kuruhusu njia hii ya kulinganisha mauzo na kilichobaki, zilikubali tofauti ya asilimia 1 ya mafuta yaliyouzwa mwezi huo, kuongeza galoni 130 (lita 490 hivi). Kwa sheli inayouza lita 100,000 kwa mwezi, ina maana pungufu la karibu lita 1,490 linaweza kupita bila kengele kulia. Si mchezo. Ndiyo maana njia hiyo iliruhusiwa kwa muda tu, isiwe ya kudumu.

Kipimo cha kitaalamu cha kubana tangi kinadai kugundua uvujaji wa galoni 0.1 kwa saa, yaani lita 0.38. Kwa saa moja ni glasi moja na nusu ya maji. Kwa mwaka ni zaidi ya lita 3,300. Lakini kwenye tangi letu la lita 30,000, mabadiliko ya joto ya nyuzi 0.013 tu yanatosha kuiga uvujaji huo au kuuficha. Wahandisi waliotengeneza vifaa vya kupima walikuwa wanapambana na joto kuliko walivyopambana na tundu.

Visima

Petroli ikitoka tangini hushuka kwenye udongo hadi ikutane na maji ya ardhini. Kwa kuwa ni nyepesi, inaelea juu yake. Sehemu yake kubwa hubaki hapo. Chembe zake chache hukubali kuyeyuka majini na kusafiri nayo, na inayotisha zaidi ni benzini, ambayo husababisha saratani ya damu.

Fanya hesabu nyingine. Chukua petroli yenye benzini asilimia 1 tu. Lita moja ina karibu gramu 9 za benzini. Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita. Gawanya: benzini ya lita moja ya petroli, ikiyeyuka yote, inatosha kuvusha kikomo maji lita 900,000 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasini, maana udongo hushika kiasi na bakteria hula kiasi, ila inakuonyesha ukubwa wa jambo.

Desemba 1983, kipindi cha 60 Minutes cha televisheni ya CBS kilirusha habari iliyoitwa Check the Water. Ilihusu familia za Canob Park, mtaa mdogo wa mji wa Richmond katika jimbo la Rhode Island, ambazo visima vyao vilikuwa vimeingiwa na petroli. Hawakuwa watu wa kiwandani wala majirani wa jalala la sumu. Walikuwa watu wa kawaida wanaoishi karibu na sheli. Mmarekani aliyekuwa anatazama alijua kabisa kwamba naye ana sheli jirani.

Sheria na tarehe

Novemba 1984 Bunge la Marekani liliongeza sehemu mpya kwenye sheria ya taka, kwa ajili ya matangi ya ardhini. Kuanzia Mei 1985 ikawa marufuku kuzika tangi la chuma lisilo na kinga. Tangi lilihesabiwa ni la ardhini kama angalau asilimia 10 ya ujazo wake, pamoja na mabomba, iko chini ya udongo. Matangi madogo ya mafuta ya gari ya shambani na nyumbani, yasiyozidi galoni 1,100 (lita 4,160 hivi) na yasiyo ya biashara, yaliachwa nje, na ya mafuta ya kupashia nyumba joto vilevile.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu tu. Wamiliki walitakiwa kusema: nina matangi mangapi, ya umri gani, ya nini. Hapo ndipo ile idadi ya zaidi ya milioni 2 ilipotoka. Baadhi yalikuwa yamesahauliwa chini ya maegesho na maduka ambayo hayajauza mafuta kwa miaka mingi.

Kanuni kamili za shirika la mazingira la Marekani, EPA, zilitoka Septemba 1988 na kuanza kutumika tarehe 22 Desemba mwaka huo. Kwa matangi ya zamani zilitoa miaka 10. Ukifika 22 Desemba 1998, uwe umefanya moja kati ya matatu: umelikarabati tangi kwa kuliwekea kinga ya kutu, chombo cha kudakia mafuta yanayomwagika wakati wa kujaza na kizuizi cha kufurika, au umelibadilisha, au umelifunga. Kulifunga maana yake ni kulitoa mafuta, kulisafisha, kuling'oa au kulijaza kitu kigumu kama mchanga au zege, na kupima udongo wa pale. Vifaa vya kugundua uvujaji viliwekewa ratiba yake: matangi makongwe yalitangulia, na yote yawe yamemaliza kufikia Desemba 1993.

Nani alipe?

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Mwenye tangi alitakiwa kuonyesha kwamba akivuja ana uwezo wa kulipa, kwa sheli ya kawaida hadi dola milioni 1 kwa tukio. Sheli nyingi zilikuwa za mtu na mkewe, pampu mbili na kaduka. Wakaenda kwenye bima. Kampuni za bima zikauliza: tangi lako likoje? Mwenye tangi hajui. Basi na bima hakuna.

Tazama mtego ulivyokaa. Anayechimba kuangalia anaweza kukuta udongo umejaa petroli na deni linalozidi thamani ya sheli nzima. Asiyechimba analala usingizi. Katika mazingira hayo kutojua ni faida, na adhabu kali peke yake ingewafanya watu wafiche zaidi.

Mtego ulilegezwa kwa mifuko. Mwaka 1986 Bunge liliunda mfuko wa taifa wa kusafisha uvujaji, unaojazwa na kodi ya senti 0.1 kwa kila galoni ya mafuta ya gari. Anayejaza galoni 15 anachangia senti moja na nusu, hata haisikii. Majimbo mengi yakaunda mifuko yao yenye utaratibu unaofanana: lipa mchango wako, timiza masharti, na ukigundua umevuja, mfuko unabeba sehemu kubwa ya gharama. Ghafla mwenye sheli akawa na sababu ya kuchimba. Anayeripoti mapema analipiwa. Anayeficha anabaki peke yake.

Taarifa zikamiminika. Hadi leo uvujaji uliothibitishwa Marekani umepita matukio nusu milioni, na mengi yameshasafishwa. Zaidi ya matangi milioni 1.5 yamefungwa. Yanayotumika yamebaki zaidi kidogo ya nusu milioni.

Hilo lilikuwa na gharama yake ya kibinadamu. Sheli nyingi ndogo za vijijini zilizimika kuelekea 1998. Kwa mkulima aliyekuwa anajaza mafuta kilomita mbili kutoka nyumbani, mazingira safi yalikuja na safari ndefu zaidi. Sioni haja ya kuficha upande huo: kisima cha jirani na riziki ya mwenye sheli viliwekwa kwenye mzani mmoja, na kisima kikashinda.

Vifaa vimefungwa, halafu?

Mwaka 2001 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti yenye sura mbili. Takriban asilimia 89 ya matangi yalikuwa yameshawekewa vifaa vinavyotakiwa. Habari njema. Lakini karibu asilimia 29 hayakuwa yanaendeshwa wala kutunzwa ipasavyo. Kifaa kipo, kimezimwa. Kengele inalia, mtu ameipuuza. Chombo cha kudakia kimejaa maji ya mvua na takataka.

Wakati huohuo somo jingine lilikuwa linatoka kwenye hewa. Tangu 1979 petroli ya Marekani ilikuwa inaongezwa kemikali iitwayo MTBE, mwanzoni kuchukua nafasi ya risasi. Sheria ya hewa safi ya 1990 ikataka mafuta yenye oksijeni zaidi katika miji yenye moshi mchafu, na MTBE ikawa chaguo la haraka, kufikia asilimia 11 hivi ya petroli. Hewa ilinufaika. Lakini MTBE huyeyuka majini zaidi ya mara 20 kuliko benzini, haishikwi na udongo, na bakteria hawaichangamkii. Utafiti wa California wa 1995 ulikuwa umeonyesha kwamba benzini kutoka matangi yanayovuja mara nyingi haifiki mbali, kama mita 75 hivi, kwa sababu bakteria wanaila njiani. MTBE ilipita hapo bila hodi.

Mwaka 1996 mji wa Santa Monica ulilazimika kufunga visima vyake na kupoteza karibu nusu ya maji yake ya kunywa. Maji yalikuwa na ladha ya tapentaini. Mwaka 1999 gavana wa California, Gray Davis, akaagiza MTBE iondolewe. Moto ulitupeleka ardhini, sasa hewa safi imetupeleka kisimani.

Sheria ya nishati ya 2005 ililenga mkono wa mtu zaidi ya chuma. Kila tangi likaguliwe angalau mara moja kila miaka mitatu. Wanaoendesha sheli wafundishwe. Na lile kali kuliko yote: tangi lisilofuata masharti lisipelekewe mafuta. Faini unaweza kuikatia rufaa mwaka mzima; tangi tupu linakuuma kesho asubuhi. Kanuni mpya za 2015 zikaongeza kwamba vifaa vyenyewe navyo vipimwe kama bado vinafanya kazi.

Usidhani hadithi imeisha. Mwaka 2016 EPA ilichapisha uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli. Matangi 35, yaani asilimia 83, yalikuwa na kutu ya wastani au kali kwa ndani, upande ambao kinga ya kafara iliyo nje haiufikii. Chini ya robo ya wamiliki walikuwa wanajua.

Na kwako je?

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na leseni za sheli hutolewa na EWURA. Wakati huohuo familia nyingi za Dar es Salaam zinategemea maji ya visima vya kuchimba. Petroli na kisima vinaishi mtaa mmoja, na kemia ya udongo haibagui nchi.

Usitegemee ulimi. Benzini peke yake majini huanza kuonjeka ikifika takriban miligramu 0.5 kwa lita, yaani mara 50 ya kikomo cha WHO. Kwa hiyo kama unataka kuchimba kisima karibu na sheli, au sheli inataka kujengwa karibu na kisima chako, kuna maswali manne ya kumuuliza mwenyewe au mamlaka husika. Tangi ni la chuma au faibaglasi, na lina kuta ngapi? Lina umri gani? Lilipimwa uvujaji lini mara ya mwisho, na karatasi iko wapi? Likivuja, nani analipa? Marekani ilichukua karibu miaka 80 kabla ya kuanza kuyauliza kwa nguvu ya sheria. La mwisho ndilo lililofanya mengine matatu yajibiwe.